UZI: Kulinganisha mikataba ya umeme wa nyumbani Texas, na kwa nini bei unayoiona kwanza kwenye orodha siyo utakayolipa

Mkadiriaji

Ndugu wanajukwaa,

Kila msimu wa joto unapokaribia, swali lile lile hurudi: kampuni gani ya umeme ni nafuu zaidi Texas? Kwa jinsi linavyoulizwa, swali hilo halina jibu, kwa sababu mkataba ule ule unaweza kuwa nafuu kabisa kwa nyumba yako na ghali mno kwa jirani yako wa ukuta kwa ukuta, ingawa nyote wawili mliona bei moja kwenye skrini. Naomba tulijadili kwa tarakimu, na anayeona nimepindisha hesabu aseme.

Kwa waliohamia karibuni, mfumo wenyewe uko hivi. Sheria ya Seneti namba 7 ya mwaka 1999 ilitenganisha biashara ya kuuza umeme na kazi ya kuusafirisha, na tangu tarehe 1 Januari 2002 wakazi wa sehemu kubwa ya jimbo wamekuwa wakichagua wenyewe kampuni ya rejareja. Kampuni hiyo haimiliki nguzo wala waya unaoingia nyumbani kwako. Inanunua umeme kwa jumla katika soko linalosimamiwa na ERCOT, shirika linaloendesha gridi ya sehemu kubwa ya Texas, kisha inakuuzia wewe. Nyaya ni mali ya kampuni ya usambazaji ambayo hukuichagua na huwezi kuibadilisha: Oncor kwa Dallas na Fort Worth, CenterPoint kwa Houston, AEP Texas kwa Corpus Christi na maeneo mengi ya kusini, na TNMP kwa vipande vilivyotawanyika huku na huko. Austin na San Antonio zina mashirika yao ya mji, hivyo wakazi wake hawachagui. El Paso iko nje ya gridi ya ERCOT. Lubbock ilifungua soko lake mwaka 2024.

Kutokana na mpangilio huo, umeme unaotoka ukutani ni ule ule na unakatika kwa sababu zile zile, uwe umejiunga na kampuni yoyote. Dhoruba ikiangusha nguzo, wa kumpigia simu ni mwenye nyaya. Unachonunua kutoka kampuni ya rejareja, ukiacha huduma ya simu na ankara, ni kanuni ya kukokotoa bili. Tunapolinganisha mikataba tunalinganisha kanuni, na kanuni haina bei mpaka uitie matumizi.

Hapa ndipo tovuti ya Power to Choose, inayoendeshwa na Tume ya Huduma za Umma ya Texas, inapowapoteza wengi. Tovuti yenyewe ni ya kweli na haina udanganyifu. Kila mkataba una karatasi ya maelezo inayoitwa EFL, na karatasi hiyo inalazimika kuonyesha wastani wa bei ya uniti, yaani kilowati-saa moja, kwa mwenye kutumia uniti 500, uniti 1,000 na uniti 2,000 kwa mwezi. Orodha ya tovuti hukuonyesha kwanza ule wa uniti 1,000. Kampuni zinalijua hilo, na baadhi yake zimetengeneza mikataba inayong'aa kwenye uniti 1,000 na kufifia kila mahali pengine.

Chukueni mfano huu, wenye tarakimu nilizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme mwenye nyaya anatoza dola 4 kwa mwezi na senti 5 kwa kila uniti. Mkataba wa kwanza unatoza senti 14 kwa uniti, na unarudisha dola 100 kwa mwezi ambao matumizi yamefika uniti 1,000 au zaidi. Mkataba wa pili unatoza senti 8.5 kwa uniti, bila punguzo lolote. Kwenye uniti 1,000 kamili, mkataba wa kwanza unatoka dola 94, sawa na senti 9.4 kwa uniti. Wa pili unatoka dola 139, sawa na senti 13.9. Mtu yeyote atachukua wa kwanza. Sasa punguza uniti moja tu. Kwenye uniti 999 mkataba wa kwanza unakuwa dola 193.81, ilhali wa pili haukusogea hata senti 15.

Wengi hujibu kwamba wastani wao ni uniti 1,000, kwa hiyo hawana shaka. Wastani hausaidii. Nyumba yenye kiyoyozi, na hita ya umeme ya kiasi, inaweza kwenda hivi kuanzia Januari hadi Desemba: 850, 780, 640, 620, 900, 1,300, 1,550, 1,600, 1,350, 880, 650, 800. Jumla ni uniti 11,920, na wastani ni uniti 993 kwa mwezi. Lakini miezi iliyovuka 1,000 ni minne tu. Kwa mwaka mzima mkataba wa kwanza unagharimu dola 1,912.80 na wa pili dola 1,657.20. Ule ulioonekana nafuu kwa karibu theluthi umekuwa ghali kwa dola 255.60.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Chukua matumizi yako ya miezi kumi na miwili, mwezi kwa mwezi, kutoka kwenye bili za zamani au kwenye tovuti ya Smart Meter Texas, ambako mita yako huweka kumbukumbu kila baada ya dakika 15. Fungua EFL, toa humo bei ya nishati, tozo za mwenye nyaya, ada za mwezi na masharti ya punguzo, kisha piga hesabu ya kila mwezi peke yake na ujumlishe mwishoni. Jedwali dogo la kompyuta linatosha. Bei tatu zilizochapishwa juu ya karatasi zisome kama uthibitisho kwamba umeielewa kanuni: ukiweka 500, 1,000 na 2,000 katika jedwali lako na usipate zile zile, kuna ada umeiruka.

Mbishi wa Hoja

Ndugu Mkadiriaji, hesabu yako ni safi, lakini umemchukulia mteja kama mtu aliyelala. Mimi nina mkataba wenye punguzo na ninaupenda. Siku chache kabla ya kipindi cha bili kufungwa ninafungua Smart Meter Texas, na nikiona nimebakiza uniti kadhaa kufika 1,000, ninaendesha mashine ya kukausha nguo na kushusha kiyoyozi hadi nifike. Tumia nyumba yako hiyo hiyo ya mfano. Mwezi wa Aprili una uniti 620. Nikichoma uniti 380 za ziada kwa senti 19 (14 za kampuni na 5 za mwenye nyaya) nitakuwa nimetumia dola 72.20, na nitarudishiwa dola 100. Nimepata faida kwa kupoteza umeme! Fanya hivyo kwa miezi yote minane iliyo chini ya 1,000, kisha utuambie jumla ya mwaka.

Mkadiriaji

Nimeipiga. Matumizi yanapanda hadi uniti 13,800, punguzo linapatikana mara kumi na mbili, na bili ya mwaka inakuwa dola 1,470. Ni kweli kabisa kwamba ni nafuu kuliko mkataba wa pili kwa dola 187.20, na ni kweli pia kwamba umefika huko kwa kuteketeza uniti 1,880 zisizokuwa na kazi. Kanuni ikimlipa mtu kwa kupoteza umeme, tatizo limo katika kanuni, na sitamlaumu anayeifuata.

Lakini tazama jinsi faida hiyo ilivyo nyembamba. Ukikosa mwezi mmoja kwa kuishia uniti 990, umepoteza dola 98.10. Ukikosa miwili, umepoteza dola 196.20, na faida yote ya mwaka imekwenda pamoja na usumbufu wake. Kukosa si jambo la mbali, kwa sababu takwimu za tovuti ile huchelewa, hivyo leo unasoma ya jana, na kipindi cha bili hakifuati kalenda. Nyumba inayotumia uniti 34 kila siku bila kubadilika itakuwa na uniti 986 katika kipindi cha siku 29 na uniti 1,054 katika kipindi cha siku 31. Katika mkataba wa kwanza, kipindi kile kifupi kitatozwa dola 191.34 na kirefu dola 104.26. Aliyetumia zaidi amelipa pungufu kwa dola 87.08, na kilichoamua ni siku ambayo mita ilisomwa.

Kwa mtu mwenye uangalifu wako nakiri kwamba mkataba huo unaweza kufaa. Kwa familia inayosafiri mwezi mzima wa Desemba, siupendekezi.

Zamu ya Usiku

Nawashukuru wote wawili. Naomba tuiangalie aina nyingine ambayo mawakala wanaipigia debe sana, ile ya umeme wa bure usiku. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku, na wakala mmoja aliyebisha hodi mlangoni kwangu alinishawishi kwamba mkataba huo umetengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Bei ya mchana ni senti 21 kwa uniti, na kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi nishati haitozwi. Je, unaingiaje katika jedwali?

Mkadiriaji

Dada, hapa jedwali la mwezi kwa mwezi halitoshi. Unahitaji zile takwimu za kila dakika 15 ili ujue ni sehemu gani ya matumizi yako inaangukia usiku. Tukilinganisha bei ya nishati peke yake na ule mkataba wa senti 8.5, unahitaji kutumia takriban asilimia 60 ya umeme wako ndani ya saa za bure ili mikataba hiyo miwili ilingane. Ukiwa chini ya hapo, bei ya mchana inakula kila ulichookoa. Angalia pia kama tozo za mwenye nyaya zinasamehewa usiku au zinaendelea, kwa kuwa mikataba hutofautiana katika hilo, na EFL ndiyo inayosema.

Nyumba nyingi za Texas hazifiki asilimia 60, kwa sababu mzigo mkubwa wa mwaka ni kiyoyozi cha alasiri ya Julai na Agosti. Kwa mtu wa zamu ya usiku hali ni mbaya zaidi, tofauti na alivyosema wakala: saa za bure uko kazini na nyumba imetulia, na saa za senti 21 umelala nyumbani huku kiyoyozi kikipambana na jua. Anayefaidika kwa urahisi ni mwenye gari la umeme analolichaji usiku, maana gari linaweza kuhamisha mamia ya uniti kwa mwezi bila mtu yeyote kubadilisha maisha yake.

Mama Nuru

Wanangu, mimi napenda kuuliza habari ya bei inayopanda na kushuka na soko. Mwaka wa ile baridi kali nilisikia watu wametozwa maelfu ya dola kwa siku chache. Je, mikataba hiyo bado ipo, na je, neno "bei isiyobadilika" linaaminika?

Fundi wa Mita

Shikamoo, mama. Niruhusu nijibu mimi.

Ile ilikuwa dhoruba ya Februari 2021. Kampuni ya Griddy iliwatoza wateja wake bei halisi ya soko la jumla, na yenyewe ilichukua ada ya dola 9.99 kwa mwezi. Katika miezi ya kawaida wateja wengi walifaidika. Dhoruba ilipoangusha mitambo na mahitaji yakapanda, bei ya jumla ilifikishwa kwenye kikomo cha wakati ule, dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani uniti 1,000, na ikakaa huko kwa siku kadhaa. Kwa uniti moja hiyo ni dola 9. Nyumba inayotumia uniti 50 kwa siku kwa ajili ya hita ilikuwa inatozwa dola 450 kwa siku. Griddy yenyewe iliwahimiza wateja wahamie kwingine kabla ya dhoruba kufika, lakini si wote waliowahi, na mwezi Machi kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi. Baadaye mwaka huo huo bunge la jimbo lilipiga marufuku kuuzia kaya mikataba inayofuata bei ya jumla moja kwa moja, na kikomo cha soko kikashushwa hadi dola 5,000 kuanzia mwaka 2022.

Mikataba ya mwezi kwa mwezi yenye bei inayobadilika bado ipo, na hiyo kampuni huipanga bei itakavyo baada ya mwezi wa kwanza. Kuhusu "bei isiyobadilika", inaaminika kwa sehemu ya kampuni ya rejareja. Tozo za mwenye nyaya zinaweza kubadilika katikati ya mkataba, mara nyingi Machi na Septemba, na mabadiliko hayo hupitishwa kwako. Bili ikipanda kidogo mwezi Septemba, kabla ya kulalamika tazama kwanza mstari huo.

Na hofu nyingine ambayo wazazi wetu huwa nayo: kampuni ikifilisika, taa hazizimi. Unahamishiwa kwa kampuni iliyoteuliwa kuwapokea wateja walioachwa, kwa bei ambayo kwa kawaida si nzuri, na wewe unatafuta mkataba mwingine haraka.

Mpangaji Mpya

Wakuu, mimi nimefika Houston juzi na nimepanga nyumba. Sina historia ya matumizi wala historia ya mikopo. Kampuni mbili zimeniomba amana, na ya tatu imeniambia kwamba mita ya nyumba hii imezuiliwa kuhama kampuni kwa sababu ya mpangaji aliyepita. Nifanyeje?

Fundi wa Mita

Kizuizi hicho huwekwa pale mteja anapokuwa amepewa mpango wa kulipa deni kidogo kidogo, au mita inapokuwa imechezewa. Deni si lako. Ipatie kampuni unayotaka kujiunga nayo nakala ya mkataba wa upangaji wenye jina lako na tarehe, pamoja na tamko kwamba wewe ni mkazi mpya, nayo itawasilisha maombi ya kukiondoa. Usikubali kulipa hata senti moja ya aliyetangulia ili uwashiwe.

Amana inaumiza, lakini linganisha kabla ya kukimbilia mikataba ya kulipa kabla. Hiyo haiombi amana kubwa wala historia, na baadhi yetu tumeizoea tangu nyumbani, ila salio likiisha unaweza kukatiwa haraka, na bei ya uniti mara nyingi huwa juu.

Mkadiriaji

Naongeza upande wa hesabu. Asiye na historia asiguse mkataba wenye punguzo la kiwango, wala wenye ada ya matumizi madogo, wala ule wa usiku, kwa kuwa yote hiyo inadai ujue umbo la matumizi yako. Chagua mkataba ambao bei zake tatu kwenye EFL zinakaribiana. Ukiona 14.3, 13.9 na 13.7, umepata kanuni iliyonyooka. Ukiona 19.8, 9.4 na 14.2, kuna mtego au, kwa lugha ya Ndugu Mbishi, kuna fursa, na zote mbili zinahitaji takwimu ambazo huna. Ulizia pia kama hita ya nyumba ni ya gesi au ya umeme, maana jibu hilo hubadilisha Januari yako kuliko ukubwa wa vyumba.

Faini ya kuvunja mkataba isikutishe iwapo utahama nyumba. Sheria za Tume zinakuruhusu kuvunja bila faini ukithibitisha kwamba umehama na kutoa anwani mpya. Inakubana tu unapobaki palepale na kumkimbilia muuzaji mwingine. Soma jinsi inavyokokotolewa: nyingine ni kiasi kimoja cha mkupuo, nyingine ni kiasi fulani kwa kila mwezi uliobaki, na hiyo ya pili hupungua kadiri unavyokaa.

Mama Nuru

Ahsante, wanangu. Langu la mwisho ni hili: mkataba wangu wa miezi kumi na miwili unaisha tarehe 20 Agosti, na nimeanza kuletewa barua za kunikumbusha. Je, nisubiri uishe ndipo nitafute mwingine?

Mkadiriaji

Usisubiri, mama. Una ruhusa ya kuhama bila faini kuanzia siku 14 kabla ya mwisho, yaani tarehe 6 Agosti. Ukivuka tarehe 20 bila kuchagua, utaangukia mkataba wa mwezi kwa mwezi wa kampuni hiyo hiyo, na Agosti ndio mwezi wako mkubwa kuliko yote, kwa hiyo hata siku kumi za bei hiyo zitaonekana kwenye bili.

Kuna jambo jingine katika tarehe yako. Mkataba unaoisha Agosti unakulazimisha kila mwaka kununua wakati ambao kila mtu ananunua na wauzaji wanaogopa joto. Safari hii tafuta wa miezi minane, ambao utaisha Aprili, hata kama uniti yake ni ghali kwa nusu senti kuliko ule wa miezi kumi na miwili. Kuanzia Septemba hadi Aprili nyumba yangu ya mfano inatumia uniti 6,570, hivyo nusu senti hiyo ni kama dola 33. Baada ya hapo utakuwa unasaini majira ya kuchipua, wakati soko limetulia. Ukinitumia bili zako za mwaka huu, ukiwa umefuta jina na namba ya mita, nitaziweka kwenye jedwali na kukurudishia kabla ya tarehe 6.